Kitambi cha Samaki Alichomwekea Mwanawe

Kisu kinaingia chini ya taya, kinateremka hadi karibu na mkia, na kambare anafunguka kama mkoba. Jua halijapanda sawasawa, lakini Mama Magamba, kama anavyoitwa kwenye mwalo huu wa kushushia samaki mtoni, ameshamaliza ndoo ya kwanza. Utumbo anautupa huku, nyama anaisukuma kule. Anapofika kwenye ukanda wa mafuta ya tumboni, mkono unasita.

"Mkono umezoea kuyaweka pembeni," anasema. "Mazoea yana tabu, ndugu mwandishi."

Ukanda huo wapara samaki wanauita kitambi. Kwa miaka mingi ulikuwa nusu ya ujira wao: mchuuzi anachukua minofu, mpara samaki anabaki na kitambi. Fedha ya kupara ndoo nzima hainunui hata mkate, lakini hakuna aliyelalamika. Tena walijiona wajanja. Wenye pesa wanakula nyama kavu, wao wanaondoka na utamu.

Binti yake, ambaye ni mshonaji, alipopata mimba, Mama Magamba aliacha kabisa kuuza fungu lake. Kila kitambi kilikwenda kwa binti. Mtoto alipozaliwa akaongeza, ili maziwa yashuke vizuri.

"Mimi sina shamba wala ng'ombe," anasema. "Kinono nilichokuwa nacho ni hicho."

Kisha akaja mtafiti wa maji, dada mpole mwenye buti za mpira, akawa anachukua samaki wa kupima. Aliporudi na majibu, aliwakusanya wapara samaki kwenye kibanda cha mizani. Ndani ya samaki wa mto huu, aliwaambia, mna kemikali zinazotiwa kwenye sponji za makochi na viti vya magari zisishike moto haraka. Zinatoka kwenye karakana iliyo juu ya mto, inayonunua sponji kuukuu, kuzichana na kuzifua mtoni kabla ya kuzijaza kwenye magodoro. Zinahofiwa kuvuruga homoni na ukuaji wa ubongo wa mtoto mchanga. Na katika mwili wa samaki, hupenda kukaa kwenye mafuta.

Mama Magamba ndiye aliyenyoosha mkono.

"Nilimwambia, mwanangu, mimi yale mafuta nayakaanga mpaka yanatoa moshi. Hakuna mdudu anayepona pale. Akaniangalia kwa huruma. Akasema, 'Mama, huyu si mdudu. Hii dawa ilitengenezwa ili iushinde moto.'"

Mama mtu amejinyima, amechagua sehemu mbaya kuliko zote, amempa mwanawe na kumhimiza amalize sahani. Wateja wasiojua lolote ndio waliokula kilicho afadhali.

Jioni ile alikwenda kwa binti yake, akamkuta ananyonyesha. Alipomaliza kueleza, binti aliuliza swali moja tu: amwachishe mtoto ziwa? Kesho yake wakaenda kliniki. Muuguzi alisema aendelee, faida ya maziwa ni kubwa kuliko hofu hiyo, ila mafuta ya samaki wa mto huu basi. Kiasi gani kimeshamwingia mtoto, kliniki ile haina cha kupimia.

"Anacheka, ananenepa," anasema binti, akimlaza mtoto begani. "Lakini namwangalia kila siku kama mtu anayesubiri habari. Mama hana kosa. Alinipa kizuri alichokuwa nacho."

"Ndicho kinachoniuma hicho," Mama Magamba anadakia, na kugeuza uso.

Mwenye karakana ameshafuatwa. Alijibu kwamba haoni ushahidi wowote, na kwamba mto ni mkubwa. Hilo la ukubwa wa mto liliwachekesha wapara samaki mpaka wakakasirika.

Siku hizi wanadai walipwe fedha tupu. Vitambi hawavirudishi mtoni wala hawawapi mbwa. Wanavitia kwenye pipa la bluu lenye kifuniko, nyuma ya kibanda. Pipa likijaa, wamekubaliana kulikokota wenyewe hadi karakana na kuliacha mlangoni.

"Watu wanatutisha kwamba tutashtakiwa," anasema Mama Magamba, akifuta kisu kwenye aproni. "Kwa lipi? Mwenye mali tunamrudishia mali yake."