Tuliusifu Uvimbe

Mke wa mwanangu alivimba miguu na uso, mimba ikiwa kubwa. Majirani zetu wa Nyantakara wakanitania, "Bibi, mkweo unamlisha!" Nikacheka, maana mwaka ule maharage yalikubali, hata panya walinenepa.

Siku moja tunayachambua, akasema, "Mama, kichwa kinanigonga, na maharage yanametameta." Kabla sijamjibu akaanguka, akakakamaa, akatetemeka.

Hospitali muuguzi akasema ni kifafa cha mimba, presha ilipanda, na ule uvimbe ulikuwa dalili. Nikauliza kimetoka wapi. Akasema chanzo chenyewe hakijulikani vizuri.

Mtoto walimtoa mzima. Mama yake hakuamka. Mwanangu akampakata mtoto, akaniuliza, "Mama, huyu atanyonya wapi?"