Firigisi ya Criolla

Jumapili iliyopita, baada ya ibada huko Liverpool, mzee mmoja alimsalimia binti yangu, mtoto akamjibu kwa Kiingereza. Mzee akawageukia wenzake: "Hawa wa kuzaliwa huku ni kuku wa kisasa tu." Watu wakacheka. Nikamwambia wazi kwamba hata mimi nimezaliwa huku, na kuku wa kienyeji nawajua kuliko yeye. Wanasema nimekosa adabu. Shauri yao.

Nimelelewa nao, ndugu yangu. Nyumba yetu ya Guildford ilikuwa na ua mrefu nyuma, na bibi, aliyeletwa kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma, alikataa katakata kuku wa supamaketi. Alisema ni kama kutafuna pamba. Jirani yetu, mama mzee kutoka Amerika Kusini, alifuga kuku wenye shingo tupu, akamuuzia bibi wawili watatu. Jumamosi nilifagia banda na kuokota mayai yakiwa bado na joto. Mchana kwetu kulinukia kitunguu na bizari, kwa jirani mahindi mabichi yaliyopikwa ndani ya maganda yake.

Kuku wake aliwaita criolla. Supu yake, criolla. Hata wimbo wa redioni uliomliza, criolla. Nilimweleza bibi kwa Kiswahili changu cha kuokoteza kwamba maana yake ni kienyeji, akaridhika.

Siku moja wageni wa kanisani walikuja kula, nami nikamjibu bibi kwa Kiingereza mbele yao. Aliona aibu. "Huyu mutoto si wetu tena," akasema. Nilikimbilia bandani nikalia. Jirani akanikuta huko, akanishika mkono, akanirudisha jikoni na kumwambia bibi: huyu ni criolla.

Bibi akasema mtu si kuku. Jirani hakurudi nyuma. Kwao, alisema, walioitwa hivyo mwanzoni ni watoto waliozaliwa ugenini na wazazi waliotoka mbali. Hata kuku, mababu zao waliletwa na meli. Wamechakura udongo wa kule mpaka wamekuwa wa kule, na hakuna anayesema si kuku. Nilitafsiri yote hayo kamasi zikinitoka, nikimwangalia bibi usoni.

Bibi aligeukia sufuria. Alipakua chakula. Firigisi kwetu ilikuwa ya baba, sisi wengine hatukuigusa. Siku hiyo aliiweka kwenye sahani yangu, baba akitazama, wageni wakitazama. "Kula," akasema. "Uko wa hapa, na uko wetu."

Bibi na yule jirani wote wamekufa. Kwenye ule ua wamejenga ghorofa, na harufu ile ya Jumamosi siipati popote. Nawakumbuka mno. Lakini kwangu, kuku akipikwa, firigisi ni ya binti yangu, na asiyetaka kumwita wetu asinyooshe mkono kwenye sufuria yangu.