Siku Papa Alipokuwa Mskoti

Juzi, nilipokwenda kupokea cheti changu cha masomo ya jioni, mwanamume mwenye mashavu mekundu alituongoza ukumbini akipuliza zumari la mfuko, lile la Waskoti. Mnalijua? Ni sauti ya ng'ombe aliyekanyagwa mkia, akaamua kuimba tenzi badala ya kulia. Wenzangu walikuwa wakinyoosha kofia zao. Mimi pua ilijaa harufu ya sufu iliyolowa jasho, na machozi yakanitoka ya kutosha kumwagilia mji mzima wa Buffalo. Watu wakadhani ni furaha ya cheti. Acheni niwaambie ninyi ukweli.

Nilikuwa na miaka kumi, na tayari nilikuwa bingwa wa kuhama. Kutoka kambi ya wakimbizi tulifikia Louisville, Marekani. Tukahamia Columbus kwa Papa Mukubwa, kaka yake Papa, kule mtaa wa Northland ambako ungeweza kununua sombe, yaani kisamvu, na kupata habari za kijiji kizima bila kusema neno moja la Kiingereza. Kisha Papa akasikia habari za kiwanda huko Lackawanna, jirani na Buffalo, tukaja Buffalo. Kila mji alisema, "Tunapita tu." Alikuwa na kilima chake kwenye milima ya Kivu Kusini, kirefu hivi kwamba, kwa maelezo yake, mawingu yalipiga hodi kabla ya kupita. Vita vilimwondoa, lakini moyoni alikuwa bado anakichunga. Ndiyo maana chombo cha maziwa cha babu, cha mti, chenye harufu ya moshi, kilikaa ndani ya sanduku kimefungwa kitenge. Papa alisema chombo hakitundikwi kwenye nyumba ya kupita.

Kiangazi kile Papa Mukubwa alipiga simu: rudini Columbus. Papa akakubali, shule zikifunguliwa tutakuwa kule. Mama akatuna. "Miye sifungi tena sanduku," alisema. Na mimi, ambaye kwa mara ya kwanza nilikuwa na rafiki wa kunigongea mlango, nilijiunga na jeshi la Mama.

Hapo ndipo akaingia Dagi, msimamizi wa Papa kiwandani. Yeye na wenzake, siku za sikukuu, walivaa kama askari wa zamani wa Kiskoti na kuwasimulia watu historia bustanini. Aliyekuwa akiigiza Kapteni alivunjika mguu, na koti lake jekundu lilishonwa kwa ajili ya jitu. Dagi akamtazama Papa, aliyekuwa mrefu kiasi cha kuona Kanada, ng'ambo ya mto, bila kusimama wima, akasema tatizo limekwisha.

Papa alirudi nyumbani na sketi ya mirabaraba. Mama akashika kiuno, akamwita kwa jina langu kama kawaida yake.

"Papa Furaha! Utavala robe, nguo ya banamuke, mbele ya batu?"

"Bon, haiko robe. Ni mavazi ya basoda ba zamani."

"Basoda ba wapi banaonyesha magoti? Kwa kanisa batasema nini?"

"Batasema niko na magoti ya muzuri."

Kazi yenyewe ilikuwa kukariri majibu matatu ya maswali ya watazamaji. Kapteni alipotezaje ardhi yake? Madeni: baba yake alikopa, naye akakopa zaidi, hadi wadai wakachukua kilima na kondoo. Kwa nini akawa askari? Kwa sababu mfalme alilisha askari wake, akampeleka ng'ambo kulinda makoloni. Je, alirudi kwao? Hapana, alipanda matufaa ng'ambo akazeekea huko.

Majibu mawili ya kwanza Papa aliyameza siku ileile. Kinywani mwake kondoo waligeuka ng'ombe mia nane, kila mmoja na jina lake la sifa. "Uyu muzungu ni ndugu yangu kabisa," aliniambia. "Kilima ilienda, ngombe zilienda, akavala koti ya mufalme wa wengine. Na miye, koti yangu njo hii," akapiga kifua cha koti lake la njano la kiwandani. Lakini jibu la tatu alilikataa kata kata. "Ile siwezi sema. Maneno inaumba, Furaha."

Siku yenyewe umati ulijaa, sema dunia nzima isipokuwa wagonjwa. Nilisimama kando yake nikitafsiri Kiingereza chake kilipokwama. Ng'ombe wakachekesha, madeni yakahuzunisha. Kisha bibi mmoja mwenye kofia ya majani akauliza, kwa upole, "Na kwenu, Kapteni, ulirudi?"

Papa akavuta kola ya lile koti. Jasho likamtiririka ndani ya sufu. Nikadhani amesahau, nikamnong'oneza: "Sema hakurudi, Papa."

Akanitazama. Akamtazama Mama, aliyekuwa amekaa kwenye nyasi na mdogo wangu mapajani. Halafu akasema, kwa Kiswahili, polepole: "Sikurudi. Nilibaki na batu bangu."

Mimi nikayatangaza maneno hayo kwa Kiingereza kwa sauti ya mnada. Makofi, na zumari la mfuko la wenzake Dagi likaanza kulia.

Jioni Papa alimpigia kaka yake: "Mukubwa, tunabaki." Kisha akaomba msumari. Chombo cha babu kilipopanda ukutani, Mama alipiga vigelegele vilivyosikika hadi kitongoji cha Kenmore, ambako baadaye tulinunua nyumba.

Miaka mingi nilijisifu shuleni kwamba mimi ndiye niliyemkumbusha baba yangu maneno yake. Sasa nina watoto, nami najua hakuwa amesahau kitu. Alikuwa anazika kilima, mbele ya wageni, ndani ya sketi ya mtu mwingine, na mimi kando yake nilikuwa natangaza anwani yetu kwa sauti kubwa bila kujua.

Juzi, zumari liliponyamaza, nilimtafuta Papa ukumbini. Haikuwa kazi. Alikuwa amesimama, kichwa kikikaribia taa, na mikono ameiinua juu kama pembe za ng'ombe, vile wachungaji wa kilima chake walivyocheza siku ya sherehe.