Alama Nyekundu kwenye Ukuta wa Mama Jirani

Ndugu yangu, mimi ni mtu wa darasa la nne. Duka la vifaa vya ujenzi nililonalo hapa Biharamulo, na nyumba ninayolala, sikupewa na mtu. Kwa hiyo usinicheke nikikwambia siku hizi nazunguka mjini na simu mkononi, napiga picha kuta. Simu kaninunulia binti yangu, akanionyesha pa kubonyeza, basi. Napiga kuta zilizochorwa. Kuna kinyozi aliyechora vichwa vinne, vyote vinafanana. Kuna maandishi ambayo vijana wameyapuliza kwa rangi ya kopo nyuma ya stendi. Mimi siwezi kuyasoma, na sidhani kama wao wanaweza.

Wiki mbili zilizopita nilisimama mbele ya kibanda cha mama lishe. Ukutani kachorwa kuku mwenye tai, kabeba sahani ya wali. Nikapiga. Mwenye kibanda akatoka na mwiko mkononi.

"Shikamoo mzee. Samahani, hizo picha ni za nini? Mnakuja kubomoa?"

"Marahaba. Nibomoe nini? Nampiga huyu kuku. Kavaa tai kunishinda mimi."

Waliokuwa wanakula wakacheka. Yeye hakucheka. "Mtu mzima akianza kupiga picha ukuta, mzee wangu, sisi tunaanza kuhamisha sufuria."

Nilifuta ile picha mbele ya macho yake, nikarudi nyumbani, chakula kikanishinda. Maana ninajua mtu anavyohamisha sufuria. Nilishamhamisha mtu mimi mwenyewe.

Nilikulia Kirushya, upande wa Ngara, kwa bibi mzaa mama. Asubuhi zangu zilikuwa moshi wa kuni, kufagia majani ya migomba, na ndizi zilizopikwa na maharage ya jana. Jirani yetu alikuwa mama mmoja ambaye mumewe alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, mbali huko, anaonekana Krismasi tu. Kila mwaka kabla ya sikukuu, kina mama walipaka nyumba zao upya kwa samadi na udongo. Wote walipaka. Huyu alichora. Udongo mweupe aliuchimba bondeni, mweusi aliutengeneza kwa masizi, na mwekundu tulikuwa tunaukanyaga. Alitumia vidole na kijiti kilichotafunwa ncha. Watu waliotoka mnadani walitua mizigo wakatazama. Bibi alikuwa anasema, "Yule hapaki nyumba, anaivalisha kanga."

Mwaka ule nilipiga mpira wangu wa majani ya migomba ukatua kwenye ukuta wake, michoro ikiwa bado mbichi. Alinishika sikio akanipeleka kwa bibi, na bibi akanichapa mbele yake. Fimbo haikuniuma. Niliumia kwamba alikuwa amesimama pale akitazama.

Siku hizohizo watu wa barabara walikuwa wamepita kupima. Nyumba tatu za chini, karibu na njia, waliziwekea alama ya X kwa rangi nyekundu, na kila mtu alijua maana yake. Walipoondoka waliacha kopo kwenye nyasi, lina rangi kidogo chini. Nililiona kabla ya wenzangu, nikalificha. Mchana mmoja, mama jirani akiwa shambani, nilichukua kitambaa nikachora X katikati ya michoro yake. Shule nilikuwa sijaijua vizuri, lakini ile X niliipatia.

Nilitaka alie kidogo. Nilidhani atajua ni mtoto, atafuta, atatukana, yataisha. Hakufuta. Alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, na mimi nikafuata nyuma kusikiliza.

"Lakini nyumba yangu iko mbali na njia, baba," alimwambia.

"Mama, mimi ni nani wa kuwauliza? Wameandika. Anza kutoa miti ya nyumba kabla hawajaivunja na mashine."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulikuwepo. Nikaona fimbo ya bibi, ya balozi, na ya serikali nzima, nikanyamaza.

Wakaja majirani kusaidia, kama desturi yetu. Wakashusha nyasi, wakang'oa mlango, wakachomoa miti mizima akajengee tena. Ukuta uliokuwa na michoro ulianguka wa mwisho, kwa mabonge. Bibi aliwapikia watu, wazee wakanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mimi nilibeba nyasi kichwani, nikasifiwa kwamba nina huruma. Nikala na kushiba.

Barabara ilipita chini, wala haikukigusa kile kiwanja. Watu wakasema mpango umebadilishwa. Mama jirani alikuwa ameshajenga bondeni kwenye unyevu, na ukuta wa kule alipaka samadi tupu mpaka anakufa. Mimi nikakimbilia Biharamulo, nikawa mtu.

Baada ya maneno ya yule mama lishe nilikaa siku tatu bila usingizi, nikapanda gari nikaenda Kirushya. Sasa ni matofali na mabati kila mahali. Zile rangi za udongo hakuna hata mtoto anayejua zinachimbwa wapi. Mama jirani alishafariki. Nilimkuta binti yake wa mwisho, aliyezaliwa kulekule bondeni, anachambua maharage. Akaniamkia, akanipa kigoda. Sikuzunguka. Nilimwambia ile alama ilikuwa yangu.

Mikono yake ikasimama. "Mama amekufa anasema serikali ilimwonea," alisema.

"Ni mimi."

Nilijiandaa kutukanwa, tena nilitaka anitukane. Akasukuma ungo pembeni.

"Mimi ile nyumba sikuikuta, mzee," alisema. "Nilisikia tu kwa wazee, nao wamekwisha, kwamba mama alikuwa anachora. Ilikuwaje?"

Nikamweleza. Nyeupe ilianzia wapi, nyeusi ilipita wapi, mistari mingapi juu ya mlango. Yote ninayo kichwani. Katika waliobaki hai pale, ni mimi peke yangu niliyeiona.