Dirisha Moja Mbele ya Wakwe

Jivuno langu kubwa katika kazi ya kompyuta ni kwamba sifungui madirisha mengi. Wenzangu wana dirisha la kuandikia na jingine la kuiamrisha mashine. Mimi nimeyaweka yote ndani ya programu moja ya kuandikia: juu naandika, chini natoa amri, na jibu linatokea papo hapo. Siku moja mbwembwe hizo zilikaribia kuninyima mke.

Tulikuwa Othaya, sebuleni kwa wazazi wa mchumba wangu, tumepeleka posa. Kwa heshima ya mama yangu, mzaliwa wa Meru asiyejua lugha ya huko, mazungumzo yalifanywa kwa Kiswahili. Siku hiyo muoaji hasemi, husemewa. Msemaji wetu, baba yangu mdogo, alikuwa akiteleza vizuri mpaka baba mkwe alipouliza, "Huyu kijana anafanyanga kazi gani hasa? Tunasikia tu anashinda kwa nyumba."

"Yeye huandika," baba mdogo akajibu, "na kile anaandika, kompyuta inatii."

"Ati inatii? Wacha tuone."

Kwa watu wa huko, mwanamume asiyetoka asubuhi ni mgonjwa au ni mvivu, na mimi nilionekana mzima. Nikafungua kompyuta mezani, katikati ya vikombe. Nilichagua amri nyepesi kabisa, ya kuiuliza mashine tarehe. Nikaandika, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Maneno yangu yalikaa pale pale, yananitazama.

"Imekataa," baba mkwe akasema, kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha.

Jasho lilikuwa limenilowesha kola nilipogundua kwamba nimeandika juu, kwenye maandishi, ambako amri ni sentensi tu kama sentensi nyingine. Nikashuka chini, nikaiandika upya. Jibu likatoka: Jumamosi, na tarehe yake.

Baba mkwe akavaa miwani, akasoma, akaivua. "Hata mimi ningekuambia leo ni Jumamosi."

Wazee wakacheka, wa kwetu pia. Nilitamani ardhi ipasuke nizame na kompyuta yangu. Nilimpenda yule msichana, na nilimwona akiniponyoka kwa sababu ya mstari mmoja.

Mama mkwe, aliyekuwa akimimina chai, akamruka msemaji na kuniuliza mwenyewe. "Na hii kitu ikikukataa, unafanyanga nini?"

"Naangalia mahali nimekosea, mama, halafu naandika tena."

"Bila kelele?"

"Bila kelele."

Mchumba wangu, ambaye amenisikia nikiitukana mashine hiyo mara nyingi tu, akainamia kikombe chake.

Mama mkwe akaweka birika chini, akamgeukia mumewe mbele ya wageni wote. "Umesikia? Anaangalianga kwanza kama ni yeye amekosea."

Baba mkwe akakohoa, akamwambia baba mdogo tuingie kwa mambo ya mbuzi wa mahari.