Mkwe Anakuja Kuchukua Ng'ombe Ambazo Si Zangu

Admin, naomba ufiche jina yangu vizuri, maana huku mji wa Kwanza, karibu na Kitale, tunajuana mpaka na viatu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, niko na bibi mmoja, watoto wawili na ng'ombe moja. Shule niliacha darasa la tano, kwa hivyo mkiona makosa hapa mvumilie.

Kazi yangu ni viatu ya mitumba. Siku ya soko niko Kwanza, siku zingine nazunguka Kitale nikiwa nimebeba kwa bega. Watu wananipenda kwa sababu ya mdomo. Naambia mama, "Chukua hii, mwenyewe huko ng'ambo alikuwa mtu wa kulala sana, ona soli bado mpya." Anacheka, ananunua. Sasa leo mdomo imekwama, ndiyo naandika.

Wacha niseme kitu kimoja kwanza. Mimi ni mtu wa kushukuru. Nikiuza pea moja nasema asante Mungu, nanunua unga na sukuma, naenda nyumbani. Wenzangu wakiuza kidogo wanaudhika, wanaenda kunywa wasahau ile hawakuuza, na hata hiyo kidogo inaisha. Mimi nilianza hivyo hivyo, mpaka nikachoka kukasirika kila jioni. Nikaacha kuangalia ya watu. Polepole pesa ikaanza kubaki, na usingizi ikarudi. Ng'ombe yangu haikutoka kwa mkopo bana, ilitoka kwa kutotaka televisheni. Inatoa maziwa, maziwa inalipia msichana wetu Nekesa nasari, na mimi sidaiwi pesa na mtu.

Lakini bibi yangu hana hiyo amani. Kwao ni Kamukuywa, na dada yake ameolewa na mwalimu huko Bungoma. Wakikutana huko kwao, shangazi zake wanamcheka, "Mwenzako ameolewa na mwalimu, wewe umeolewa na viatu." Anarudi hataki hata chai. Nikimwambia tuko sawa, tunakula, tuna afya, anasema, "Baba Nekesa, wewe unashukuru sana. Ukipewa mawe utasema asante, ni laini." Huwa nacheka. Kumbe yeye hachekangi.

Juzi tumepata mtoto wa pili, watu wa kwao wakasema wanakuja kumwona. Mimi nilikuwa soko siku hiyo. Narudi jioni, nafungua mlango, nafikiri nimeingia kwa wenyewe. Sofa seti, vitambaa vyeupe, televisheni kwa meza. Nikarudi nje nikapiga hodi. Nje kuna ng'ombe mbili kubwa, za gredi, zile za kizungu, zimefungwa karibu na yetu, na yetu inaonekana kama mbuzi.

Zote zilikuwa za jirani yetu Baba Shiro. Bibi alikuwa ameenda kwa Mama Shiro akaomba viti za wageni, hiyo ni kawaida, hata sisi hukopesha watu sufuria. Lakini ng'ombe aliomba zikuje "kula nyasi" kwetu mpaka kesho. Alingojea shangazi zake peke yao. Hakujua baba yake pia atapanda gari akuje.

Mzee alikuwa amekaa kwa hiyo sofa na kikombe ya chai. Akanishika mkono hakuachilia. "Mkwe, kumbe Mungu amekuona, na wewe umenyamaza." Nikaangalia bibi yangu. Alikuwa amebeba mtoto, macho yote kwangu, ni kama ananiomba maji. Nikasema, "Tunashukuru, baba." Hiyo tu. Sikudanganya, sikusema ukweli.

Mjue wakati nilioa nilitoa ng'ombe za mahari kidogo, zingine zikabaki deni. Mzee hakunisumbua hata siku moja. Alisema, "Utaleta ukipata." Sasa ameona nimepata.

Jana akanipigia simu, na sauti tamu kabisa. "Jumamosi tunakuja na vijana. Tutachukua hizo mbili kubwa. Hiyo ndogo ya maziwa wacha ibaki, watoto wakunywe. Mimi si mtu mbaya."

Nikaambia bibi, "Mama Nekesa, baba yako anakuja kuchukua ng'ombe ya Baba Shiro." Hakucheka. Akasema tuuze yetu, hiyo pesa tumpe Baba Shiro kama mwanzo ya kununua hizo zake, ingine tukope kwa wale watu wa riba huko Kitale, tulipe mdogo mdogo.

"Na nasari ya Nekesa?"

"Mungu atafungua."

"Si alikuwa amefungua tayari?"

Hapo ndiyo akalia. Akasema, "Wewe watu wanakucheka soko ni kazi yako, unalipwa. Mimi nachekwa bure. Ukiniaibisha mbele ya baba, sitakanyaga kwetu tena, na kwako pia sijui kama nitakaa."

Nimejaribu kumkasirikia nikashindwa. Nampenda huyu mama. Nafikiri nilikuwa nashukuru peke yangu, yeye nikamwachia kicheko ya watu. Lakini nikiingia kwa riba, hata hii kidogo tumejenga itaenda, na najijua, nitaanza tena kurudi nyumbani na hasira.

Baba Shiro alisharudishiwa ng'ombe zake, lakini hajui chochote ya Jumamosi. Asubuhi amenisalimia, "Niaje jirani," nikashindwa kumwangalia.

Nyinyi wenye wakwe, nisaidieni na mawazo, na msinitukane sana. Nimpigie mzee kabla ya Jumamosi nimwambie ukweli? Ama niuze ng'ombe nilinde jina ya bibi? Kuna mtu hapa ashawahi kuambia mkwe wake yeye hana kitu, na bado akabaki na bibi?