Kibanja Kilichokataa Kufutika

Kinachoonekana kwanza ni njiti ya kiberiti. Saa tatu asubuhi, katika chumba kidogo nyuma ya zahanati moja mjini Muleba, Kokuberwa Rutaihwa anaisogeza chini ya herufi moja moja. Kushoto ana karatasi ya amri zilizofanya kazi kwenye kompyuta ya Bukoba. Kulia ana zile alizoandika hapa. Hakuna herufi iliyozidi wala iliyopungua.

"Bukoba inakubali, Muleba inakataa," anasema bila kuinua macho. "Maneno ni yale yale. Sijui nimechanganyikiwa mimi au yenyewe."

Kokuberwa, 27, mzaliwa wa Maruku, aliacha shule darasa la sita. Alianza kwa kufagia ofisi ya kampuni ndogo ya mtandao mjini Bukoba, akashika nyaya, kisha kibodi. Leo anatunza kompyuta mbili, moja Bukoba na moja hapa Muleba, zinazogawa mtandao kwa wateja kumi na wanne.

Kila mteja hutengewa eneo lake ndani ya kompyuta, lenye njia zake na anwani zake. Aliyemo halioni la jirani. Kokuberwa huliita kibanja. "Kama nyumbani. Migomba yako, njia yako, mti wa mlamula kuonyesha mpaka."

Kinachomsumbua ni kibanja cha duka la dawa lililofungwa mwezi uliopita. Zahanati inatakiwa kupewa anwani zilezile, lakini kibanja cha zamani hakifutiki. Kila akijaribu, kompyuta inajibu kwamba bado kinatumika.

"Kinatumika na nani? Duka lina kufuli. Mwenyewe yuko Kemondo anauza dagaa."

Hii ni siku ya tatu zahanati haina mtandao. Majibu ya maabara kutoka Bukoba yanaletwa kwa bodaboda. Sista Jovita, mkuu wa zahanati, amesema mwisho ni kesho, kisha atatafuta kampuni nyingine. Zahanati ikiondoka, kituo cha kampuni hapa Muleba kitafungwa, na Kokuberwa hatakuwa na kazi.

Sista anachungulia mlangoni. "Koku, hicho kibanja chako kimerogwa?"

"Hapana, Sista. Kina mtu."

"Basi mwambie ahame. Wajawazito wangu wanasubiri majibu."

Simu inaita. Ni Apolinary, mwajiri wake. Sauti yake inasikika chumba kizima. "Mashine zote mbili zilibadilishwa kiini mwaka jana. Zinafanana. Angalia ulipokosea."

"Sawa, kaka."

Kiini ni ile sehemu ya ndani kabisa inayoendesha kompyuta yote. Kokuberwa anaiweka simu mezani. Kisha anaandika amri fupi, anaiuliza kompyuta kiini chake ni toleo gani. Inajibu. Anatazama namba ya Bukoba kwenye karatasi. Hazikaribiani. Kiini cha Muleba ni cha zamani.

"Kumbe," anasema polepole.

Kiini kipya hufuta kibanja hata kama kuna programu ambayo bado inakikumbuka. Cha zamani hakithubutu. "Kama mzee Onesphory kijijini kwetu," anaeleza. "Unauza shamba, yeye anasema mpaka ulikuwa hapa. Asiponyamaza, huuzi."

Anaanza kuzikagua programu moja baada ya nyingine, ipi bado inakikumbuka kibanja cha duka. Ziko sitini na moja. Saa sita mchana anaipata. Ni programu ya kutunza saa. Iliwashwa duka likiwa bado wazi, ikabeba nakala ya orodha ya vibanja vyote.

"Saa tu," anasema. "Haihusiani na dawa hata kidogo."

Anaizima, anaiwasha upya, anafuta kibanja. Kompyuta haisemi neno. Kwa kompyuta ya aina hii, kunyamaza ndiko kukubali. Anwani za duka anaipa zahanati.

Saa saba na nusu majibu ya kwanza yanafika kwa mtandao mezani kwa Sista Jovita.

"Amehama?"

"Amehama, Sista."

Jumapili baada ya misa, zahanati ikiwa haina watu wengi, Kokuberwa anapanga kubadilisha kiini cha Muleba kifanane na cha Bukoba. Baada ya hapo anataka kurudi darasani, masomo ya jioni ya watu wazima.

Anapoulizwa ilikuwaje mashine mbili zikatofautiana, anaitazama njiti mkononi. Mwajiri wake husoma gazeti hili.

"Andika tu," anasema. "Mwaka jana kaka Apolinary aliniuliza kwa simu kama na ya Muleba nimeibadilisha kiini. Sikujua kiini ni nini. Niliona aibu kuuliza. Nikasema ndiyo."